Maabara ya kubeba mkononi: shajara ya mradi wa programu huria, Walukuba, Jinja, Uganda

Jumamosi, 15 Februari 2025

Mwalimu mkuu amenikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta leo asubuhi. Kompyuta za mezani ni 14, zote za msaada, nyingi zina prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya gigabaiti 2. Nane zinawaka vizuri. Tatu zinawaka, zinalia mlio mfupi mfupi, kisha zinanyamaza. Zilizobaki haziwaki kabisa.

Windows iliyomo imejaa virusi. Mtoto akichomeka flashi, folda zake zote zinageuka shotikati. Anadhani kazi yake imepotea, analia. Aliyeisakinisha alitumia CD ya kunakili isiyo na leseni, na hakuna anayejua kilichochanganywa humo.

Niseme kwa nini chumba hiki kinaniuma. Tarehe 20 Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima, na kwa madarasa mengi masomo hayakurudi sawasawa hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Wizara ilitoa vijitabu vya kujisomea na redio zikafundisha, lakini humu ndani palikuwa na kufuli, na hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kumpa mtoto akaondoka nacho. Programu tulizofundishia zilikuwa za kulipiwa kwa kila mashine. Hata kama mzazi alikuwa na kompyuta, nisingeweza kumpa bila kumfundisha mtoto wake kuiba.

Kwa hiyo mradi huu una sharti moja: chochote tutakachokifundisha humu, mtoto aweze kukibeba hadi kwao kihalali, bila malipo, na kifanye kazi bila intaneti. Kisichotimiza hilo hakiingii.

Jumamosi, 22 Februari

Fundi amekuja na bisibisi na brashi ya kupakia rangi, ile laini, ya kufagilia vumbi. Ametoa RAM kwenye mashine zilizokufa akaongezea zilizo hai. Zile za kulia mlio zilikuwa RAM tu: alizichomoa, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akazirudisha, zikawaka. Tuna kompyuta 11 sasa.

Nilianza na Edubuntu, mfumo wa Linux unaokaa mahali pa Windows, kwa sababu imekusanya programu za shule pamoja. Ni nzuri, lakini kwa mashine hizi ni nzito. Ukibonyeza, unasubiri hadi unasahau ulibonyeza nini. Jioni nikaiondoa nikaweka Debian 12, Linux nyingine, yenye eneokazi jepesi la LXQt, na kompyuta ileile ikawa nyepesi, kama imetua mzigo. Kwa yeyote mwenye mashine za umri huu: anza na eneokazi jepesi, programu za watoto utaongeza moja moja.

Jumapili, 23 Februari

Siku nzima imeliwa na kijibetri cha shilingi 3,000. Kompyuta tano zilikataa kupakua programu. Zilisema orodha ya programu "bado haijaanza kutumika". Nilikagua waya, nikabadilisha rauta, nikaanza upya mara mbili. Mwishowe fundi akaniuliza, "Mwalimu, hii mashine inadhani leo ni tarehe ngapi?" Ilidhani tuko mwaka 2009. Betri ya duara iliyo kwenye bodi, CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukizimwa saa inarudi nyuma. Kompyuta inayoishi mwaka 2009 ikiletewa orodha ya mwaka 2025 inaiona kama hati ya siku ambayo haijafika, inaikataa. Na inafanya vyema kukataa. Huo ni ulinzi. Tumenunua betri tano.

Pia tumeweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Mashine hiyo inapakua kitu mara moja tu, nyingine kumi zinachukua kwake. Bila hilo bando langu la mwezi lingeisha siku moja.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu mkuu aliingia akakuta vijana wa S.3 (kidato cha tatu) wakinakili LibreOffice, programu ya kuandikia hati na majedwali, kwenye flashi zao. Akanivuta pembeni. "Mwalimu, huu si wizi? Kesho nikiletewa polisi hapa?"

Sikukasirika, kwa sababu swali lake ni la mtu mwaminifu. Kwa miaka mingi kunakili programu kumekuwa wizi kweli, na sisi walimu tumefumba macho. Nilimfungulia ukurasa wa leseni ndani ya programu yenyewe, tukasoma pamoja polepole. Nikamweleza habari za Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983, na wazo lake kwamba mtumiaji awe na uhuru wa kuiendesha programu, kuichungulia ndani, kuirekebisha, na kuwagawia wengine. Na kwamba leseni ya GPL, iliyotoka kwenye mradi huo, imeandikwa ili uhuru huo usikatike njiani: ukimpa jirani, humwekei kizuizi ambacho wewe hukuwekewa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi andika karatasi uibandike mlangoni, ili mwingine asiniulize nilichokuuliza." Imebandikwa. Kichwa chake: KUNAKILI HAPA NI HALALI.

Jumamosi, 29 Machi

Seva inafanya kazi. Ni mashine bora kuliko zote tulizonazo, tumeipa diski ya gigabaiti 500 na Kolibri juu yake. Kolibri imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali kama hapa: masomo yanapakuliwa mara moja penye intaneti, yanaletwa kwenye diski, halafu darasa zima linayapata kupitia rauta isiyounganishwa popote. Mtoto anaandika anwani ya seva kwenye kivinjari, hata cha simu, anaingia kwa jina lake. Vitufe vyenyewe vinaweza kuwa vya Kiswahili.

Tumeweka masomo ya hesabu ya Khan Academy ya Kiswahili na ya Kiingereza, majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, na hadithi za African Storybook za Kiswahili na za Luganda kwa wadogo. Pembeni kuna Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili yote. Ya Kiingereza pamoja na picha inafika takribani gigabaiti 100, kwa hiyo tumechukua ile isiyo na picha.

Mwalimu wa hesabu hakuwa na imani. Alikuja kwa heshima tu, akakaa nyuma. Watoto wa S.1 walifanya zoezi la namba hasi, na ukurasa wa mwalimu ukaonyesha nani amekosa nini. Watoto 18 kati ya 41 walikuwa wamekosa swali moja, 3 − (−5), na wote 18 waliandika −2. Alisogeza kiti mbele. "Wanaona alama mbili za kutoa, wanaifuta moja," alisema. "Nimewafundisha hivi wiki mbili zilizopita, nikadhani wameelewa." Aliifuta ratiba yake ya Jumatatu palepale akaandika somo jipya. Tangu hapo yeye ndiye anayeniuliza funguo ziko wapi.

Jumamosi, 10 Mei. Likizo

Sasa nyumbani, ambako ndiko ninakokutaka hasa.

Watoto 12 wamepewa flashi za gigabaiti 32. Ndani kuna Linux nzima inayowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na sehemu ya kuhifadhi kazi. Mtoto anaichomeka kwenye kompyuta ya mjomba, anaiwasha huku akibonyeza F12, au F9 kwa HP nyingi, anachagua flashi, na maabara yetu inafunguka mbele yake. Akimaliza anaizima, anachomoa. Diski ya mjomba haijaguswa.

Wajomba hawakuamini. Mmoja amenipigia simu saa tatu usiku, "Mwalimu, mtoto ameniharibia kompyuta, Windows imepotea." Nikamwomba aizime, achomoe flashi, aiwashe tena. Ikarudi ilivyokuwa, na picha za harusi yake zote. Tangu leo kila flashi inatoka na karatasi ya nusu ukurasa inayoeleza hilo kwa mwenye kompyuta, kwa sababu hofu yake ni ya haki.

Leo nimemtembelea Nalongo, anauza mukene (dagaa) kule Masese. Pacha wake wako P.6 (darasa la sita la msingi), hawasomi shuleni kwetu. Muhula huu amewaweka nyumbani, karo imemshinda, na anawafundisha mwenyewe jioni akitoka mwaloni. Laptopu yake ni ya zamani, skrini ina ufa kona ya kushoto. Tumeisakinishia Debian, GCompris ya michezo ya kujifunza, Tux Paint ya kuchora na Kolibri yenyewe, bila seva. Pacha mmoja alikuwa kwenye zoezi la sehemu, wa pili anamsubiri zamu yake akihesabu dakika kwa sauti. Mama yao alikuwa amefungua LibreOffice Calc kwenye meza ileile kabla yao, ameandika magunia aliyonunua na bei, na alikuwa ametumia kikokotoo cha simu kujumlisha, kisha akaandika jibu kwenye kisanduku kwa mkono.

Nikamwonyesha =SUM. Akabadilisha bei ya gunia moja, jumla ikabadilika yenyewe. Akaibadilisha tena. Akaniangalia. "Mwalimu, kwa hiyo hii ilikuwa inajua siku zote?" Pacha wakaacha sehemu zao wakaja kutazama. Nilikaa hapo hadi giza, na somo la jedwali nililolitayarishia S.2 nimelibadilisha: litaanza na magunia ya mukene.

Jumamosi, 14 Juni

Hasara. Radi ya Jumatano usiku. Mvua za huku ziwani zinajulikana, na mimi niliacha seva imechomekwa. Pawasaplai imeungua, diski imekwenda nayo. Masomo yalikuwa na nakala kwenye diski ya nje, kwa hiyo hayo yamerudi. Lakini rekodi za watoto, nani amefika wapi, nilizinakili mara ya mwisho tarehe 24 Mei. Wiki tatu za kazi zimepotea. Msichana mmoja wa S.1 alikuwa amemaliza mada nzima ya sehemu, akaingia leo akakuta mstari wake mtupu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Alisema bado anakumbuka, akaanza kuzifanya upya, haraka.

Kuanzia leo: folda ya Kolibri inanakiliwa kila Ijumaa saa tisa kwenda diski mbili, moja inalala kwangu. Waya wa seva unachomolewa ukutani kila jioni. Kijana wa S.3 ndiye mshika zamu, jina lake liko ukutani.

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya Kiswahili Duniani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili somo la lazima S.1 na S.2, na shule nyingi zinahangaika kupata walimu. Sisi hapa Walukuba tuna bahati: mtaa huu umekua na wafanyakazi wa viwandani waliokuja kutoka kila upande bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, na Msoga, Mteso, Mluo na Mlugbara wanaelewana kwa Kiswahili. Ila Kiswahili chetu hakipendi ngeli. Huku mtu husema "kitabu ile", "mti ile", na anaeleweka.

Kwa hiyo leo nilifungua programu ndogo ya mazoezi ya hesabu isiyo na Kiswahili, nikachukua faili lake la tafsiri, nikaliweka kwenye Poedit, nikawaambia S.2: maneno ya Kiingereza yako kushoto, yetu yanakaa kulia, tunaanza. Nikawaambia pia hatuko wa kwanza. Mwaka 2004 Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakusubiri kampuni ya ng'ambo ione faida.

"Hifadhi" ilipita bila ubishi. "Kata" na "bandika", vivyo hivyo. "Tengua" ilileta kelele, wengine wakitaka "rudisha", hadi mmoja akauliza: udhu ukiharibika unasemaje? Umetenguka. Basi.

Kisha tukafika kwenye neno moja la Kiingereza linalosema kitu kimekwisha futwa. Neno moja tu, na programu haisemi ni kitu gani. Wa kwanza akaandika "Imefutwa". Nikauliza, kama ni ujumbe? "Umefutwa." Kama ni kitabu? Kimya kidogo. "Kimefutwa." Jina? "Limefutwa." Majina? "Yamefutwa." Nikaziandika zote ubaoni. Darasa zima likaona tatizo kwa mara moja: Mwingereza ameandika neno moja, na sisi tunahitaji kujua ngeli ya kitu ambacho hatukioni. Miaka yote nimefundisha upatanisho kwa kukaririsha, na sijawahi kuona watoto wakiuhitaji kama walivyouhitaji leo.

Walibishana dakika ishirini. Mmoja alitaka tuandike zote kwa mkwaju, ime/ume/kime, wenzake wakasema inaudhi macho. Ndipo msichana anayekaa dirishani, ambaye huwa hasemi, akasema: "Andika 'Kufuta kumekamilika.'" Nikamwomba arudie. Kufuta kuna ngeli yake, ku-ku, na hiyo haibadiliki, ufute kitabu au ufute ujumbe. Nilimpa kibodi aandike mwenyewe. Vijana wawili wa nyuma walipiga meza.

Tumetafsiri mafungu 63. Programu imewaka ikisema Kiswahili chao, na kwenye ukurasa wa watafsiri wameandika "S.2, Walukuba".

Jumamosi, 16 Agosti

Kikao cha wazazi. Swali lililonisubiri lilikuja, kutoka kwa mzee mmoja wa kiwandani: "Mwalimu, ofisini wanataka Word na Excel. Hii Linux yenu itampa mwanangu kazi?"

Nilimjibu hivi. Mzee, tumebakiza kompyuta mbili zenye Windows, ya leseni safari hii, na kila mtoto wa S.4 na S.6 anapitia hapo kabla ya mtihani. Anayejua kupanga barua kwa mitindo na kutengeneza jedwali kwenye LibreOffice anahitaji siku chache kuzoea vitufe vya Word. Lakini anayejua kubonyeza tu mahali alipoonyeshwa, kitufe kikihama amepotea. Kisha nikamwita mwanawe, akafungua hati ya Word iliyotumwa kwa simu ya mzee mwenyewe, akairekebisha kwenye LibreOffice, akairudisha. Mzee akaikagua mstari kwa mstari. Mchoro mmoja ulikuwa umesogea kidogo, na nilisema wazi kwamba hilo hutokea hati ikiwa na mapambo mengi. Akaridhika, nadhani zaidi kwa kuwa sikumficha mchoro.

Jumamosi, 20 Septemba

Muhula wa tatu. Flashi tatu zimekufa, zote za aina moja ya bei rahisi. Tunanunua chache, nzuri.

Mwalimu wa fizikia amefundisha sakiti kwa PhET kwa sababu amita ya shule ni moja. Watoto wamejenga sakiti sambamba na mfululizo, wameunguza betri ya skrini kwa makusudi kuona moto, kisha wakaja mmoja mmoja kwenye amita halisi wakijua wanatafuta nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10. Shule jirani wana laptopu tisa ambazo Windows 11 inazikataa, na muuzaji mmoja amewashauri wanunue mpya. Mwalimu wao alikuja nazo kwenye boda mbili, zimefungwa kwa blanketi. Hakuna hata moja iliyoharibika. Zina RAM ya gigabaiti 4. Kwetu hizo ni kompyuta za kifahari, zinabeba Edubuntu bila kuhema.

Sikuzisakinisha mimi. Vijana wanne wa S.3 walikaa na mwalimu yule kila mmoja na mashine yake, wakamwachia ya tano afanye mwenyewe wakimtazama. Alipokwama walimwambia, "Teacher, soma kwanza imeandika nini." Kabla ya kuondoka aliniomba ile karatasi ya mlangoni. Tumeichapa nakala.

Jumamosi, 1 Novemba

Matayarisho ya likizo ya Desemba. Orodha ya flashi imefungwa: Debian, LibreOffice, GCompris, Tux Paint, Scratch, Kolibri yenye hesabu hadi S.2, hadithi, Wikipedia ya Kiswahili, na ile programu ya S.2. Nimeongeza folda moja yenye faili za kusakinishia zenyewe, ili anayepokea aweze kumtengenezea mwingine bila kurudi kwetu.

Bado: betri ya sola kwa seva, fedha hazijafika hata nusu. Na mazoezi ya Lusoga kwa watoto wa P.1, tuna wazee watatu walioahidi kutusomea hadithi tuzirekodi kwa Audacity, lakini chumba kina mwangwi, tutajaribu kutundika mablanketi.

Pacha wa Nalongo walikuja leo saa kumi na moja jioni kuchukua flashi mpya. Nilipofungua daftari kuandika namba 31 na 32, yule mdogo akasema moja inatosha. Ya pili wametengeneza wenyewe nyumbani Alhamisi, kwa mtoto wa jirani. Aliitoa mfukoni, nikaichomeka, ikawaka.